Koo la Kuazima

Spika ilikohoa kabla haijaunganishwa na waya wowote.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limeyachoma mabati ya mtaa wa Kiamunyi, Nakuru, hadi yanalia, na Kibii alikuwa amepiga magoti kwenye gereji aliyoigeuza karakana, msasa mkononi, akilainisha ubao wa kasha la pili. Kasha la kwanza lilisimama ukutani, refu kufika kiunoni, limeshapakwa vanishi, karatasi mpya ya spika ikitazama mlango. Waya zake zilikuwa bado mezani, zimefungwa kwa uzi. Amplifaya ilikuwa wazi, vyuma vyake vya ndani vimetapakaa kwenye gazeti. Hakuna umeme uliokuwa unaingia popote. Lakini lile kasha lilikohoa, kikohozi kifupi kikavu, kama cha mtu mzima anayetaka kusema jambo mbele ya watu.

Kibii alitoka nje akidhani ni jirani. Uani hapakuwa na mtu. Mbwa wao mzee, ambaye kila siku hulala kwenye kizingiti cha gereji, alikuwa amehamia upande wa pili karibu na tangi la maji, na kutoka huko alikuwa anaukodolea macho mlango.

"Ni gundi inakauka," Kibii alijiambia. Gundi ikikauka huvuta karatasi, na karatasi ikivutwa hulia. Akarudi kwenye msasa wake.

Kibii alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashamba ya watu na vyombo vyake, lakini raha yake ilikuwa kufufua spika na redio za zamani, zile zenye makasha ya mbao halisi na sauti nene inayojaa kifuani. Alirithi mapenzi hayo kwa baba yake, Mzee Kipkemei, aliyekuwa na redio kubwa kule Eldama Ravine na aliyemfundisha, tangu mikono yake ni midogo, kutofautisha spika iliyochoka na spika iliyokufa. Mzee alifariki mwaka juzi wakati Kibii yuko kazini kaskazini, mahali pasipo na mtandao. Alipofika nyumbani, kaka yake Kipkemoi alimwambia kitu kimoja ambacho hakikumtoka tena: "Baba alikuwa anakuulizia. Alisema ana neno lako. Tulimwambia atuachie sisi, akakataa."

Tangu siku hiyo Kibii hakutulia. Alikuwa mtu wa kuamka ghafla, wa kuacha chakula katikati, wa kushika kitu na kukiweka chini. Karakana peke yake ndiyo iliyokuwa inamtuliza.

Spika hizi mbili alizipata Ndabibi, ng'ambo ya ziwa Naivasha, alipokwenda kupima shamba lililokuwa linagawanywa. Katikati ya shamba palikuwa na nyumba ya mawe ambayo haikuwa imekaliwa kwa miaka mingi, na mwenyewe aliamua ibomolewe. "Chochote utaona huko ndani unataka, beba," alimwambia Kibii kwa simu. Mlinzi wa shamba, Mzee Kosgei, ndiye aliyemfungulia. Mzee huyo hakusema neno hata moja. Kibii alipomsalimu, alijigusa kooni kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Kisha, bila kuombwa, akashika kasha la kwanza na kulibeba mwenyewe hadi kwenye gari, haraka haraka, kama mtu anayetoa ng'ombe mgonjwa zizini kabla hajaambukiza wengine.

Siku chache baada ya kile kikohozi, Kibii aliunganisha spika zote mbili. Alirudi kutoka kazini jioni, akawasha amplifaya, na kabla hajachagua muziki akasikia mvumo mdogo, kisha harufu ya ugoro ikamjia puani. Ugoro ule ule wa baba yake, uliochanganywa na magadi. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, lakini hiyo hakuijali.

"Weri," spika ikasema.

Ni baba yake tu aliyekuwa akimwita hivyo akiwa mtu mzima. Ni 'kijana' kwa Kikalenjin. Kibii akakaa chini kwenye sakafu.

"Baba?"

"Umechelewa kufika, weri."

"Baba, nilikuwa mbali. Hakukuwa na network. Wewe... uko wapi?"

"Niko hapa. Nilikuwa na neno lako."

Kibii alisogea hadi paji la uso likagusa kitambaa cha spika. "Niambie."

Mvumo ukapanda, ukashuka, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. "Kesho," ile sauti ikasema. "Leo nimechoka. Kesho."

Akatoka gerejini machozi yanamtiririka, na hakumwambia mtu.

Mkewe, Emmy, alikuwa mwimbaji. Si wa kurekodi, ni wa kwaya ya kanisa, lakini watu walikuwa wakitoka hata mtaa wa Rhonda kuja kumsikiliza Jumapili. Nyumbani aliimba akipika, akifua, akimsuka mtoto wao Cheruto. Wiki hiyo sauti ilianza kumkauka. Kwanza zilipotea noti za juu. Mwalimu wa kwaya akamwambia anywe tangawizi. Kisha zikapotea za kati, na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlio wa mlango mbovu. Alirudi kwenye benchi amefunika uso kwa kitenge. Hospitalini walimwingiza kamera kooni. Daktari akasema, "Mama, koo lako liko safi kabisa. Sioni shida yoyote."

Kila jioni Kibii alijifungia gerejini. Kila jioni ile sauti ilikuwa nzuri zaidi. Mwanzoni ilikuwa na mkwaruzo, sasa ilikuwa laini, imejaa, inacheka kile kicheko cha Mzee kinachopanda kama ngazi. Ilimkumbusha siku waliyovuka mto na ndama. Ilimkumbusha jina la mwalimu aliyemchapa. Lakini kila ilipofika kwenye neno, ilivuta pumzi ikasema, "Kesho, weri."

Emmy aligundua mwenyewe. Jioni moja alichoka kumsubiri mumewe mezani, akaenda hadi gerejini na kufungua mlango taratibu. Alimkuta Kibii amekaa sakafuni kama mtoto, akiongea na kasha. Alisikia sauti ya baba mkwe wake waliyemzika. Hakupiga kelele, kwa sababu hakuwa na kelele za kupiga. Alisimama, akasikiliza, na alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma hadi mgongo ukagonga fremu ya mlango.

Kibii alishtuka, akazima amplifaya. "Emmy, ngoja nikuelezee. Ni baba. Si ni baba? Wewe pia umemsikia."

Emmy alitoa simu, akaandika, akamwonyesha. Aliandika hivi: *Maneno ni ya mzee. Pumzi ni yangu.*

"Pumzi gani?"

Akaandika tena. *Vile huvuta kabla niimbe. Mara mbili, ya pili fupi. Sikiza.*

Kibii hakuhitaji kusikiliza. Alikuwa ameisikia ile pumzi kila jioni, pumzi mbili, ya pili fupi, pumzi aliyoipenda kanisani kabla hajajua hata jina la huyo msichana. Moyoni alikuwa anajua, ila alikuwa ameuweka ujuzi huo mahali asipoweza kuufikia.

"Kesho nitazitoa," alisema. "Naapa, Mama Cheruto. Kesho."

Asubuhi alipiga simu Ndabibi. Simu ya Mzee Kosgei ilipokelewa na bintiye, Chepkosgei.

"Zile spika?" sauti ya Chepkosgei ilishuka, kana kwamba kuna mtu chumbani anayeweza kusikia. "Wewe ndiye ulizichukua? Na hukuuliza kwa nini baba haongei?"

"Nilidhani ni mgonjwa."

"Baba alikuwa anaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde na wanakuja. Halafu akaanza kulala kwa hiyo nyumba kubwa akilinda. Spika zikaanza kumwongelesha na sauti ya mama yetu. Mama alikuwa amekufa. Baba akafurahi sana, akawa harudi nyumbani hata kukula. Siku moja akarudi hana sauti. Boss, hiyo kitu haina sauti yake. Hukopa. Mfu anaipatia maneno, mzima anaipatia koo, lake au la mtu wa nyumbani kwake. Ukiijibu, umekubali."

Mtu mwingine angezitupa spika saa hiyo hiyo. Kibii aliondoka kazini mapema kwa nia hiyo. Lakini alipofika gerejini na kushika kasha alibebe, mkono ulibaki juu ya ubao. Alifikiria: mara moja tu. Neno lenyewe tu, kisha nizitupe. Akainama kuwasha amplifaya, na mvua ikaanza kupiga mabati, ile mvua ya Nakuru ya alasiri inayokuja bila kubisha hodi, na umeme ukakatika. Akatoka kwenda kuangalia fyuzi za nyumba. Hakukawia.

Emmy alikuwa jikoni, anachambua mboga. Kibii alikuwa kwenye ngazi akitazama boksi la fyuzi wote wawili waliposikia, kupitia kelele za mvua, sauti ya Emmy ikiita kwa furaha kutoka nje, sauti safi kama ya Jumapili:

"Cheruto! Kuja kwa mama! Kuja mbio!"

Emmy aliangusha kisu. Walitazamana, Emmy mdomo umefumbwa, na ile sauti ikaita tena, na ndipo wakasikia ndala ndogo zikikimbia kwenye maji ya uani, chap chap chap, na mlango wa gereji ukijifunga. Kibii aliruka kutoka kwenye ngazi akaanguka, akainuka, akakimbia kwenye mvua na mkewe nyuma yake, akashika mpini wa mlango na mpini ukawa wa moto kama sufuria, akausukuma kwa bega na mlango ukasukuma nyuma, kama kuna mtu mnene ameegemea upande wa pili, na ndani alisikia mtoto wake anaongea, anajibu, anajibu tena, kila jibu dogo kuliko la kwanza, "Ndio mama... ndio mama... ndio...", na mbwa alikuwa anabweka akizunguka gereji bila kuikaribia, na ile harufu ya nyumba iliyofungwa ilikuwa inatoka chini ya mlango kama moshi, nzito, ya vumbi na manyoya mabovu na kitu kitamu kilichooza, hadi mlango ukaachia ghafla wote wawili wakaanguka ndani.

Cheruto alikuwa amekaa mbele ya spika, sikio limebanwa kwenye kitambaa. Kwenye amplifaya iliyokosa umeme taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Emmy alimnyakua. Mtoto alifungua kinywa kulia. Uso ulikunjamana, machozi yakaja, kifua kikapanda na kushuka, na hakuna kilichotoka.

Kutoka kwenye kasha ilikuja sauti ya mtoto wao, ya furaha kabisa: "Baba, unataka neno lako?"

Kibii hakujibu. Ndiyo mara ya kwanza hakujibu.

Alimpigia simu Obeid. Obeid alikuwa na duka la vipuri vya redio karibu na soko mjini, na wao wawili walikuwa marafiki wa kuwindiana spika na kutaniana. Kibii alipomaliza kueleza, Obeid hakutania. "Toka kwa hiyo gereji. Mnyamaze nyote. Namleta mama."

Mama yake Obeid aliitwa Bi Samsam. Ukoo wao ulitoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa Bondeni, hapo hapo Nakuru, na watu wa dini zote walikuwa wakimwendea kimya kimya wakisumbuliwa na majini. Alishuka kwenye gari mvua bado inanyesha, mwanamke mfupi mwenye baibui iliyopauka na viatu vya mpira vya shambani. Alimshika Emmy kidevu, akamtazama Cheruto machoni, kisha akamgeukia Kibii.

"Nani kati yenu amekuwa akizungumza naye?"

"Ni mimi, mama. Nilidhani ni baba yangu."

"Hukudhani, mwanangu. Ulitaka." Hakusema kwa ukali. "Majini hupenda mahali patupu palipoachwa. Nyumba isiyo na watu haikosi mwenyewe. Huyu alikaa ndani ya hayo makasha miaka, hana wa kusema naye, hadi akapata mtu mwenye kiu ya marehemu. Wewe ni wa pili, labda wa kumi. Nani aliyeziunda upya hizi spika?"

"Mimi."

"Basi mimi sitazigusa. Mimi nitasoma, wewe utabomoa. Ile karatasi uliyoitia kwa mikono yako, utaipasua kwa mikono yako. Na lolote atakalosema, kwa sauti yoyote, usimjibu. Kila ukimjibu unampa uzi wa kujishonea."

Alichoma udi kwenye kifuniko cha bati. Moshi ulinyooka juu, kisha ukajipinda kuelekea makasha kana kwamba unavutwa. Bi Samsam akaanza kusoma dua, sauti ya chini isiyopumzika, Obeid akiwa mlangoni amewashika Emmy na mtoto.

Kibii alifungua skrubu. Mikono ilijua kazi hata kama yeye hakujua. Kifuniko cha kitambaa kikatoka, na karatasi nyeusi ya spika ikabaki uchi mbele yake, ikipwita, juu chini, juu chini, kama utosi wa mtoto mchanga. Alishika wembe.

"Weri," ikasema.

Bi Samsam aliendelea kusoma.

"Weri, mimi nilikufundisha kushika hicho kiwembe. Sasa unaniua mara ya pili? Ya kwanza hukuwepo. Leo uko, na ni wewe."

Kibii alihisi jibu likipanda kooni, jibu la miaka yote, na akafunga meno hadi yakalia.

"Kipkemoi alikuwepo. Mama yako alikuwepo. Nilikuwa natazama mlango. Nilikuwa nasema, atafika, huyo wangu hachelewi. Wakafunga mlango kwa sababu ya baridi na nikawaambia wafungue. Unataka neno? Ni hili. Sogea. Sogea nikwambie, kisha upasue, sitakasirika. Ni neno moja tu, weri, niulize tu, sema 'ni nini, baba', sema tu."

Kibii aligeuza kichwa. Mlangoni Emmy alikuwa anamtazama, Cheruto amejificha kwenye shingo yake, na midomo ya Emmy ilikuwa inacheza, inajaribu kusema jina lake na haiwezi. Hakuwa anamlaumu. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba alikuwa anaelewa.

Akatia wembe.

Karatasi ilipasuka kwa mlio wa nguo nzito. Kutoka ndani ya kasha kilitoka kilio ambacho hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa cha wanaume na wanawake na watoto na ng'ombe, kimefungwa pamoja kama kuni, na vioo vya dirisha vikatetemeka, na skrubu zikaruka kutoka mezani zikatawanyika sakafuni. Akahamia spika ya pili. Akapasua. Akaingiza mkono ndani ya kasha, ndani ya baridi iliyomfika kwenye mfupa, akavuta waya, sumaku, pamba, akavitupa nje kwenye mvua, na Bi Samsam sasa alikuwa amesimama, sauti yake iko juu ya kila kitu, akiamuru, na kitu kikapita katikati yao kuelekea mlangoni, kikawapiga usoni kama pazia lililolowa.

Karibu kabisa na sikio la Kibii, bila spika, sauti ya baba yake ilisema taratibu:

"Haya. Naenda na kilicho changu."

Kisha mvua tu.

Cheruto ndiye aliyeanza. Alilia, kilio kikubwa kibaya cha mtoto aliyeogopa, na Kibii hakuwahi kusikia kitu kitamu namna hiyo. Emmy akasema, "Pole, mamii, pole," akasikia alichosema, akashika koo lake kwa mikono yote miwili.

Makasha waliyachoma uani kesho yake. Bi Samsam alikataa zawadi, akakubali chai. Kabla hajaondoka, Kibii alimuuliza lililokuwa linamkera.

"Mama, lile neno. Alikuwa nalo kweli?"

"Jini huchota kwako wewe mwenyewe, mwanangu. Usichokuwa nacho hawezi kukupa." Akafikiri. "Lakini kuchukua anaweza."

Wiki zilizofuata zilikuwa njema. Emmy alirudi kwenye kwaya, noti za juu zikarudi moja moja. Chepkosgei alipiga simu kutoka Ndabibi anacheka na kulia: "Baba ameita ng'ombe leo asubuhi! Wamekuja wote!" Kibii alilala usingizi mzima, akala chakula hadi sahani ikaisha.

Kisha Kipkemoi akapiga simu. Walikuwa wanapanga ibada ya kumbukumbu ya Mzee, na alitaka kuweka ile video ya harusi ya Kibii, Mzee akitoa hotuba.

"Sasa bro. Yako iko sawa? Yangu imeharibika. Sauti haitoki."

Kibii aliitafuta kwenye simu yake. Baba alikuwa amesimama mbele ya hema, kofia imeinama upande, kipaza sauti mkononi. Midomo ilikuwa inacheza. Hakuna sauti. Kibii alidhani simu imezimwa sauti, hadi akasikia mtoto akilia nyuma ya hema, na viti vikikwaruza, na shangazi mmoja akikohoa.

Alipandisha sauti hadi mwisho. Mzee aliinua kidole, akasema kitu kirefu, na wageni wote wakaangua kicheko.

Kibii alifunga macho ajaribu kukumbuka alivyosema. Alikumbuka kofia. Alikumbuka kidole. Akachukua simu ya Emmy, akampigia mama yake Ravine, akamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Mama, hivi baba alikuwa anaongea aje? Sauti yake ilikuwaje?"

Upande wa pili alimsikia mama yake akivuta pumzi aseme, akaacha, akavuta tena.

"Ngoja," mama alisema. "Ngoja kidogo, itanijia."

Kwenye kiganja cha Kibii, Mzee Kipkemei alijifuta kinywa na leso, akatabasamu, akaendelea kuongea.